Nilichomtafsiria Bibi Yako

Biryogo, Kigali
Jumamosi jioni

Hadija mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi. Umekwenda Kacyiru kuagana na rafiki zako, na kwa hali ya barabara siku hizi najua utakuwa umefika nyumbani kabla giza halijaingia. Muda huo unanitosha. Sanduku lako liko mlangoni tangu asubuhi. Anayetaka kupita lazima alizunguke, nami nimelizunguka mara nyingi kuliko nilivyokuwa na haja ya kupita.

Habari za safari hutazikuta humu. Dereva, mpaka wa Rusumo, shangazi yako atakayekupokea Mwanza, blanketi, chuo cha uuguzi, yote hayo tumeyamaliza mezani. Tena ndiyo pekee tuliyoyazungumza mezani kwa wiki tatu. Nilikuuliza kama umepata cheti cha chanjo, ukajibu, "Ndiyo, Baba." Nilikuuliza kama unahitaji viatu vingine, ukajibu, "Hapana, Baba." Nimehoji watu wengi ambao hawakutaka kuzungumza nami, na majibu yao huwa mafupi namna hiyo.

Siku ile tuliporudi kutoka hospitali uliniwekea sharti. Ulisema huendi Mwanza mpaka Bibi yako aambiwe anaumwa nini. Kesho saa moja asubuhi gari linakuja, na sharti lako hujaliondoa. Barua hii ndiyo jibu langu. Kazini ningejibu kwa sentensi moja, lakini sentensi moja ingekupa habari tu, nami nataka ujue ilivyokuwa.

Wewe ndiye uliyejua kwanza. Bibi yako analala chumba kinachopakana na changu, na kila siku niliyokuwa Kigali nilimwona. Sikuona kwamba anakonda. Niliona kwamba anaifunga kanga yake kwa kuizungusha zaidi, nikafikiri ni baridi. Mama hawezi kumwambia mwanawe mtu mzima habari za choo chake. Ndivyo alivyonilea, na mimi nilishukuru kulelewa hivyo, kwa sababu ilinipunguzia kazi. Lakini wewe ni mke mwenzake. Tangu ulipoanza kutembea alikuita hivyo, eti mnagombea mume mmoja, naye ni babu yako aliyekufa kabla hujazaliwa. Kwa mke mwenza hakuna lisilosemeka.

"Mke mwenzangu," nilimsikia akikuambia siku moja uani, "tumbo hili limefunga mlango, na mwenye ufunguo hayupo."

"Labda umeumeza huo ufunguo, Bibi."

"Ningeumeza ningeusikia ukilia. Siku hizi humu ndani kila kitu kinalia."

Mkacheka. Mimi nilikuwa sebuleni nasoma gazeti, nikafurahi kuwasikia mnacheka, nikageuza ukurasa.

Ulipokuja kuniambia kwamba si mzaha, nilisema neno ambalo kila mtu wa Kigali angelisema: amiba. Mji huu una jibu moja kwa kila tumbo. Mtoto akihara ni amiba, waziri akikosa hamu ya kula ni amiba. Alipewa dawa ya amiba, akamaliza, akapewa tena. Jirani akaleta mizizi ya kuchemsha. Kwa miezi kadhaa tulitibu ugonjwa ambao hakuwa nao, na kwa kuwa siku moja moja alipata nafuu, tulisema dawa inafanya kazi.

Halafu siku ile ukanifuata Kimihurura, nje ya ofisi ambako tulikuwa waandishi kadhaa tunasubiri kuitwa kwenye mkutano. Ulikuwa umetembea kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

"Baba, Bibi anatoka damu."

"Wapi?"

Ukatazama chini. Nami sikuuliza tena. Mimi na wewe, watu wawili tunaojua kusoma na kuandika kwa lugha tatu, hatukuweza kuitaja sehemu ya mwili ambayo mama yangu alikuwa anafia.

Hospitali nzima uliiona kwa macho yako, kwa hiyo sitakusimulia mipira waliyompitishia wala foleni. Unakumbuka walikata kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye utumbo wake wakakipeleka Ulaya, kwa sababu hapa hawakuwa na mtu wa kukisoma. Tulisubiri. Kisha tukaitwa watatu. Bibi yako alivaa mtandio wake mzuri, kama mtu anayekwenda kusikia jambo la heri. Wewe ulikaa karibu na dirisha. Mimi nilikaa katikati, kwa sababu dokteri hakujua Kiswahili wala Kinyarwanda, na Bibi yako hajui Kifaransa zaidi ya bonjour.

Nataka niandike alichosema dokteri jinsi alivyokisema, kwa kuwa siku ile sikufanya hivyo.

Alisema ni kanseri ya utumbo mpana. Alisema ni ya aina ya nadra. Seli zake hujaa ute, ule ute unasukuma kiini cha seli mpaka pembeni, na ukiitazama kwa darubini inafanana na pete yenye kito. Alisema aina hii, wale wachache wanaoipata mara nyingi huwa ni watu wenye umri mdogo kuliko wake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuikuta kwa mtu mzee kama huyu. Haijikusanyi mahali pamoja ikawa uvimbe wa kukatwa. Inatambaa ndani ya ukuta wa utumbo, kama maji yanavyosambaa chini ya mkeka, na kwa Bibi yako ilikwisha kutoka nje ya utumbo ikaingia kwenye ngozi laini inayozunguka tumbo. Wangeweza kumfungulia njia ya choo ikiziba. Kumponya hawangeweza. Alizungumza polepole, akisimama baada ya kila sentensi, kama mtu aliyezoea kutafsiriwa. Ile pete aliichora kwenye karatasi, akaigeuza ili Bibi aione.

Bibi aliitazama, akanigeukia.

"Saidi, mbona mzungu ananichorea pete?"

Niliendelea kuitazama ile karatasi.

"Mwambie nina wajukuu. Na mahari yangu si ndogo."

Wewe ulicheka, kisha ukaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu Kifaransa ulikuwa umeshakisikia. Mimi nikamtafsiria dokteri ule mzaha, neno kwa neno, na mahari nikaitia. Ndiyo sentensi pekee niliyoitafsiri sawasawa siku ile. Dokteri hakucheka.

"Ameelewa?" akaniuliza.

"Bado," nikasema. Nikamgeukia mama yangu. "Mama, anasema una kidonda kwenye utumbo. Umbo lake kama pete. Kitachukua muda."

"Kitapona?"

"Kwa dawa. Taratibu."

"Alhamdulillah," akasema, akaweka mkono kifuani.

"Amesema nini?" dokteri akauliza.

"Anakushukuru."

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini nilitoa maswali. Nilimuuliza dokteri kwa nini aina hii ni ya nadra, kama imewahi kuonekana katika nchi hizi, kama umri wake unabadilisha kitu, kama wale waliosoma kipande kule Ulaya wamewahi kuandika juu ya mgonjwa wa namna hii. Niliuliza vizuri, moja baada ya jingine, kama ninavyouliza siku zote. Yule dokteri alinijibu mawili matatu, halafu akaweka kalamu mezani.

"Bwana, haya unauliza kwa ajili yake au kwa ajili ya gazeti?"

Nilijua jibu. Neno nadra lilinipa mahali pa kujificha. Jambo la nadra ni habari, na habari naijua namna ya kuishika. Mama yangu anayekufa sikujua nimshike wapi.

Tulipokuwa tunarudi askari walitusimamisha kwenye kizuizi, wakataka vitambulisho, wakamulika kiti cha nyuma, Bibi yako akawasalimia na kuwaambia ana kidonda kidogo tu. Tukaruhusiwa. Nyumbani akashuka, akaingia ndani akiimba kwa sauti ya chini. Wewe hukushuka.

"Baba, umemdanganya."

"Nimempunguzia."

"Umempunguzia nini? Dokteri alisema kanseri. Nimesikia."

"Huku kwetu mgonjwa haambiwi."

"Nani kasema? Bibi ndiye kasema?"

"Hadija."

"Mimi nakwenda kusomea uuguzi. Nikirudi niwe nawatafsiria watu hivyo? Siendi Mwanza mpaka aambiwe."

"Utakwenda. Na ukimwambia wewe, nyumba hii usiijue tena."

Ulishuka ukafunga mlango wa gari polepole. Ningependa ungeubamiza. Neno lile la nyumba nalirudisha. Nililisema kwa hasira, na kwa woga, na sikuwa na haki ya kulisema.

Niliposema mgonjwa haambiwi sikuwa nimelibuni. Babu yako alipougua, watu wazima walifanya vile vile. Daktari alizungumza na baba mkubwa, baba mkubwa akazungumza na ndugu zake barazani, na mimi kijana nilipita na birika la chai nikisikia kila kitu. Ndani, babu yako alikuwa anamuuliza kila anayeingia, "Wanasema nini?" Kila mmoja akamwambia, "Utapona, inshallah." Niliona ule ni upendo, na labda ulikuwa upendo. Lakini sikuwahi kujiuliza inakuwaje kulala pale ukasikia sauti zote zinashuka zikikaribia mlango wako.

Na baadaye nilikufanyia wewe. Mama yako alipokufa ulikuwa na miaka minne. Nilikuambia amesafiri. Nilifikiri utasahau kidogo kidogo. Badala yake ulianza kuuliza kila gari lililosimama nje, na ulikataa kuvuliwa viatu usije ukachelewa kumpokea. Ulilala na viatu. Bibi yako alivumilia siku chache, halafu akakuchukua mapajani akakuambia, "Mama yako amekufa. Hatarudi. Sasa lia, niko hapa." Ulilia mpaka ukatapika. Nilimkasirikia sana, nikamwambia ana moyo mgumu. Akanijibu, "Mwenye moyo mgumu ni yule anayemwacha mtoto asubiri." Usiku ule ulikubali kuvuliwa viatu.

Kwa hiyo nilijua. Ndiyo sababu sijitetei kwa mila. Mama yangu angetaka nini, nilikwisha kuonyeshwa.

Kilichoniaibisha zaidi ni kwamba kutafsiri ni kazi yangu. Wageni wanaokuja kuandika habari za vita wananitafuta mimi kwa sababu siongezi wala sipunguzi. Kuna mama mmoja muuza ndizi pale Nyabugogo, tuliposimama kumhoji na mgeni mmoja kutoka Ulaya, aliyetuambia, "Huyu rangi ya unga anauliza bei ya ndizi, na suruali yake hajaifunga vizuri. Aanze na suruali." Nilimtafsiria mgeni yote. Alijitazama, akageuka kukabili ukuta akafunga vizuri, akarudi kuuliza bei ya ndizi, na yule mama akamuuzia kwa bei nzuri. Nilijivunia jambo lile. Nilisema sentensi ya mtu ni mali yake, mimi ni mpagazi tu.

Sasa nikuambie wiki hizi tatu zilivyokuwa kwa Bibi yako, kwa sababu wewe ulikuwa unamkwepa na hukuona. Alikuwa na furaha. Alikula papai kila asubuhi kwa ajili ya kidonda. Kila mgeni aliambiwa habari ya pete, na kila mgeni alicheka. Alianza kupanga kwamba mvua zikiisha atakuja Mwanza kukutazama, na kutoka huko afike Ujiji alikozaliwa, aone kama nyumba ya wazazi wake bado imesimama. Mimi nilikuwa naitikia. "Ndiyo, Mama. Tutaona, Mama." Nilikwenda kazini mapema na kurudi nimechoka makusudi.

Na Bi Mwanaisha alikuja. Unajua walivyogombana, yeye na Bibi yako, miaka mingi, kisa harusi ambayo mmoja hakualikwa jikoni. Walikuwa wanapishana njiani kama hawajuani, watu waliosukana nywele tangu usichana. Juma lililopita Bi Mwanaisha alikuwa anahamia Bukavu kwa mwanawe. Alikuja kuaga nyumba zote za mtaa, na yetu pia. Alisimama pale mlangoni akabisha hodi. Bibi yako alikuwa chumbani. Aliniita kwa kunong'ona.

"Mwambie nimelala."

"Mama, anaondoka."

"Atakuja kutembea. Na mimi nikipona nitakwenda huko nimkute kwake, nimwone kama ana adabu ya kunipa kiti."

Nikatoka nikamwambia Bi Mwanaisha kwamba mgonjwa amelala. Alisimama kidogo, akasema, "Haya. Mwambie nilifika." Nilimtazama akishuka barabara. Ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kurudi chumbani nikasema sentensi moja. Sikufanya hata mojawapo. Nilifikiri mambo ya wanawake wawili wazee hayanihusu.

Leo ulipotoka nilimkuta ameketi kitandani anakunja kanga.

"Mama, nina neno."

"Sema. Mbona umesimama kama polisi?"

Nikaketi. "Siku ile kwa dokteri sikukutafsiria sawasawa."

Aliendelea kukunja.

"Hakusema kidonda. Alisema ni kanseri."

Nikuambie kitu. Nilikuwa nimejiandalia kwamba atasema, "Nilijua siku nyingi." Nimesimuliwa hivyo na watu wengi: wazee wanajua, wanatungoja sisi tu. Njiani kutoka sebuleni mpaka chumbani mwake nilikuwa nimeshajisamehe kwa kutumia jibu hilo. Bibi yako hakuwa anajua. Alikuwa ameniamini.

"Kanseri," akasema. "Ile inayoua."

"Ndiyo, Mama."

"Na pete ile?"

"Ndilo umbo lake. Ni aina ya nadra."

"Ya nadra. Kwa hiyo inaua nusu?"

"Hapana."

Aliiweka kanga kando. Nje palikuwa na watoto wanapiga kopo la maziwa kama mpira.

"Wiki tatu," akasema. "Mwanaisha amekuja mpaka mlangoni kwangu, na mimi najifanya nimelala, nikisema iko siku. Saidi, ningejua, ningemfungulia kwa miguu yangu mwenyewe. Sasa radhi yake nitaipata wapi?"

"Nilitaka kukulinda."

"Ulijilinda wewe. Hukutaka kuuona uso wangu. Basi, tazama."

Akanigeuzia uso. Nilitazama. Hadija, nimetazama vitu vingi katika kazi hii ambavyo sikuvisimulia nyumbani, na sikupepesa. Hapa nilipepesa.

Baadaye akauliza, "Hadija anajua?"

"Anajua. Alikuwa anasikia Kifaransa. Nilimkataza kusema."

"Kumbe!" Akapiga kofi goti lake. "Mimi nilisema mtoto amenichoka. Ananiletea uji anaangalia pembeni, nikimtania hajibu, nikasema huyu moyo wake umeshavuka Rusumo. Nikamnung'unikia kwa Mungu. Ona ulivyotufanya."

Kisha akauliza swali ambalo nilijua linakuja: mwisho wake unakuwaje, na unauma namna gani. Dokteri alikuwa ameeleza, wewe umesikia. Nikasema Kifaransa chake hapo sikukielewa vizuri.

"Hadija alikuwepo," akasema. "Ataniambia yeye."

Nikatoka, nikaketi kukuandikia. Nilikuwa nimekusudia kwamba mahali hapa nikuombe umweleze hilo lililobaki, kabla ya safari, kwa kuwa unakijua Kifaransa kuliko mimi. Nimeandika mpaka hapa. Nimeisoma ile sentensi niliyotaka kuiandika nikaona ni ile ile ya "anakushukuru", isipokuwa sasa ningeitia mdomoni mwako.

Nimeacha kalamu, nimerudi ndani, nimemwambia mwenyewe. Kwamba tumbo linaweza kujaa maji na linaweza kufunga kabisa, na likifunga atatapika na hataweza kula. Kwamba atakonda zaidi. Kwamba kuna dawa ya maumivu na siku nyingine mjini haipatikani, nami nitaitafuta. Kwamba wanaweza kumpasua wakatoa njia ya choo ubavuni.

"Choo kitokee ubavuni?"

"Ndiyo, Mama. Kwenye mfuko."

"Hapana. Hilo mwambie dokteri hapana. Na umtafsirie neno kwa neno."

"Neno kwa neno."

"Asije akasikia kwamba ninamshukuru."

Siku ile sikumwambia habari ya "anakushukuru". Niliikiri leo, muda mfupi kabla ya hapo, kwa sababu alikuwa anauliza kila kitu kilichosemwa chumbani mle. Alicheka kidogo, halafu tumbo likamkata akaacha. Kisha ameniambia nimletee kile kinasa sauti changu. Nilimwonyesha kitufe cha kubonyeza, nikatoka, nikafunga mlango. Alizungumza na Bi Mwanaisha kwa muda mrefu. Sauti niliisikia, maneno sikuyasikia, na sitaisikiliza ile kaseti. Jumatatu nitatafuta mtu anayekwenda Bukavu. Kama itafika, na kama Bi Mwanaisha atajibu wakati bado kuna mtu wa kusikia, sijui. Sitakuambia itafika ili ulale vizuri.

Utakapokuwa muuguzi utapewa maneno ya namna hii uwafikishie watu. Sina mengi ya kukufundisha, wewe ulikuwa sahihi na mimi nina mvi. Nimejifunza haya machache tu: keti kwanza, litaje neno kwa jina lake, kisha usiondoke chumbani. La mwisho ndilo gumu. Mimi nilikimbilia maswali yangu kabla hata ya kulitaja neno.

Kuna sababu nyingine ya kutaka uende, nawe unaijua, redio unaisikia kama mimi. Siwezi kukuambia mji huu utakuwaje mwakani. Nikiulizwa na wageni nawaambia sijui, wanaandika kwamba nimekataa kujibu. Ukweli ni kwamba sijui, na kutojua kwangu ningependa wewe ukusikilizie kutoka Mwanza.

Wewe ukiondoka nyumba itabaki na watu wawili, na baadaye mmoja. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo itakavyokuwa. Nilipokuwa nasafiri kikazi, miaka yote ile, sikuwahi kufikiri nyumba inasikikaje mtu akiwa peke yake ndani yake. Nyinyi wawili mlikuwa mnacheka huku, na mimi huko mbali nilikuwa nalala vizuri kwa kujua mnacheka. Leo mchana, wewe uko Kacyiru na yeye amelala, nilikaa sebuleni nikasikia saa ya ukutani. Sikujua kama ina sauti. Hilo si kosa lako, na usilibebe. Nakuambia kwa sababu nimeanza leo kusema mambo yalivyo, na ningekuwa mwongo tena nikisema sitakuwa mpweke.

Sharti lako limetimizwa. Sasa kwenda au kubaki nakuachia wewe, si amri tena. Ukisema unabaki nitamrudisha dereva na sitauliza kwa nini. Kuhusu Bibi yako, nimemuuliza anataka nini, na jibu lake nimelileta kama nilivyopewa:

"Mwambie mke mwenzangu aende. Asiposoma, nani atawaambia wengine? Mimi sitakuwepo akirudi, ajue hivyo, asije akasema hakuambiwa. Lakini leo asilale kwake. Aje kwangu, tutakiane radhi, tutaniane na kulia, na wewe usikae karibu na mlango."

Kwa hiyo mimi nitakuwa uani. Usinitafute kwanza kunijibu, na usibishe hodi kwake. Nimempelekea mto wako. Amekwisha kusogea upande wa ukutani.

Baba yako